Mweusi wa Kawaida kwenye Barabara Namba 40

Katikati ya mwaka 1961 balozi mpya wa Chad, Adam Malick Sow, alikuwa garini akitoka New York kwenda Washington kukabidhi hati zake za utambulisho kwa Rais John F. Kennedy. Safari hiyo wakati ule ilipita Barabara Namba 40, inayokata jimbo la Maryland. Alipofika maeneo ya Edgewood akasimama kwenye mgahawa, akaagiza kahawa. Akakataliwa. Waandishi wa habari walipomfuata mama mwenye mgahawa baadaye, alijitetea kwamba yeye alimwona ni mweusi wa kawaida tu, angejuaje kama ni balozi? Neno alilolitumia kwa mtu mweusi lilikuwa chafu zaidi ya hilo, na silirudii hapa.

Utetezi ule nimeufikiria sana, kwa sababu naona unaeleza Marekani ya miaka ya Vita Baridi kuliko hotuba nyingi za marais wake. Kwa mama yule, kosa lilikuwa kushindwa kumtambua mgeni. Kumnyima kahawa mweusi wa kawaida halikuwa kosa hata kidogo, ilikuwa kazi yake ya kila siku. Na Ikulu ya Washington, iliyofedheheka kwa habari ile, kwa miaka mingi iliishi kwa hesabu ileile.

Sisi tuliolelewa katika nyumba zinazopokea wageni tunazijua pilika zake. Mgeni akibisha hodi, sebule inafagiliwa, vitambaa vya makochi vinanyooshwa, vikombe vya kabatini vinatolewa. Uani watu wanaendelea kugombana kwa sauti ya chini. Hoja yangu ni kwamba ushindani na Moscow uliilazimisha Marekani kufagia sebule yake, na kufagia kule kulikuwa na faida ya kweli. Lakini aliyeshika ufagio ndiye aliyeamua pia pa kuishia, na waliotaka uani nako kufagiliwe walinyamazishwa kwa jina la vita hivyohivyo.

Tuanze mwaka 1947. Tarehe 12 Machi Rais Harry Truman alisimama mbele ya Bunge akaomba dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki, akitangaza kuwa Marekani itasimama na watu huru wanaopinga kutawaliwa kwa nguvu. Tarehe 21 ya mwezi huohuo akasaini amri ya kuchunguza uaminifu wa wafanyakazi wa serikali yake mwenyewe. Ni siku tisa tu kati ya ahadi ya kulinda uhuru wa Mgiriki na karatasi inayomtaka karani wa Washington aeleze rafiki zake ni nani. Wanahistoria wengi huziweka tarehe hizi mbili katika sura tofauti, moja ya mambo ya nje na nyingine ya mambo ya ndani. Mimi naona ni sura moja. Fedha zile zisingepita Bungeni bila wananchi kutishwa, na wananchi waliokwisha kutishwa hawaogopi cha ng'ambo peke yake. Wanageuka kumtazama jirani.

Mtu mmoja aliliona hilo mapema. George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Moscow, alituma kwao telegramu ndefu sana tarehe 22 Februari 1946, ile iliyoweka msingi wa sera ya kuuzuia ukomunisti usienee. Viongozi waliisoma sehemu inayoeleza hatari ya Warusi wakaishika kama msahafu. Mwishoni kabisa Kennan alionya kwamba hatari kubwa kuliko zote ni Wamarekani kujiachia wakafanana na hao wanaopambana nao. Sehemu hiyo haikushikwa.

Seneta Joseph McCarthy alipopanda jukwaani Wheeling, West Virginia, tarehe 9 Februari 1950, na kudai ana orodha ya wakomunisti 205 ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, alikuta shamba limekwisha kulimwa. Habari zake zinajulikana, sitakaa nazo. Nataka tu kutaja jambo moja ambalo gharama yake ililipwa na watu wa mbali. Miongoni mwa walioandamwa walikuwa wataalamu wa China katika wizara hiyo, watu kama John Service na John Paton Davies, ambao kosa lao kubwa lilikuwa kuandika mapema kwamba Chiang Kai-shek, mtawala wa China aliyeungwa mkono na Marekani, angeshindwa na wakomunisti. Alishindwa kweli mwaka 1949. Service alifukuzwa kazi 1951, Davies 1954. Vijana waliobaki wizarani walijifunza kwamba kuripoti ukweli wa Asia kunakatisha riziki, na miaka michache baadaye nchi hiyohiyo ikaingia Vietnam ikiwa haina watu wa kuiambia isichotaka kusikia. Sisemi vita vile visingetokea kabisa. Nasema macho yalitobolewa nyumbani kabla ya miguu kuanza safari.

Weusi wa Marekani, kwa upande wao, waliisoma hali upesi. Mwezi Machi 1948 Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mabehewa ya kulala, aliwaambia maseneta uso kwa uso kwamba vijana weusi watakataa kuandikishwa katika jeshi linalowatenga. Serikali ilikuwa inataka askari wa kuikabili Urusi, na mzee yule alijua hivyo. Tarehe 26 Julai mwaka huohuo Truman akasaini amri ya kuondoa utengano jeshini. Naomba hili lisipotee katika uchambuzi wangu: haki zile hazikudondoshwa kutoka juu kama sadaka. Watu wa Montgomery, Alabama, walitembea kwa miguu siku 381 wakisusia mabasi. Vita Baridi viliwapa mtaimbo, lakini mikono iliyoushika ilikuwa yao.

Na mtaimbo ulifanya kazi. Desemba 1952, kesi ya kutenganisha wanafunzi kwa rangi ilipokuwa mbele ya Mahakama ya Juu, wanasheria wa serikali waliandika wazi kuwa ubaguzi unawapatia wakomunisti nafaka ya kusaga katika vinu vya propaganda zao, wakaambatisha maneno ya Waziri wa Mambo ya Nje, Dean Acheson, kuthibitisha madhara yake huko nje. Hukumu ilitoka tarehe 17 Mei 1954: utengano shuleni ni kinyume cha Katiba. Muda mfupi baadaye Sauti ya Amerika ilikuwa inaitangaza kwa lugha 34. Mtoto mweusi wa Mississippi angesubiri miaka mingi kabla ya kukaa dawati moja na mzungu, lakini ulimwengu ulikwisha kupewa habari njema siku ileile.

Mwaka 1957 ndio ulioonyesha jinsi sebule na uani vinavyochangia ukuta mmoja. Septemba, gavana wa Arkansas aliweka askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia sekondari ya Little Rock. Rais Dwight Eisenhower, ambaye hakuwa na haraka na mambo haya, alilazimika kupeleka kikosi cha askari wa miavuli, na katika hotuba yake ya televisheni akasema maadui wa Marekani wanalifurahia tukio lile. Tarehe 4 Oktoba Warusi wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani. Siku chache baadaye Komla Gbedemah, waziri wa fedha wa Ghana iliyokuwa na uhuru wa miezi saba, aliingia mgahawani Dover, Delaware, akataka maji ya machungwa, akaambiwa mweusi haruhusiwi kukaa humo ndani. Habari ilipofika Washington, Eisenhower alimwalika Ikulu kupata kifungua kinywa. Alikinywa tarehe 10 Oktoba, siku sita baada ya Sputnik. Watu weusi wa Dover hawakualikwa.

Mwanamuziki Louis Armstrong, ambaye Wizara ya Mambo ya Nje ilimtarajia kwenda Urusi kuipamba Marekani kwa tarumbeta, aligoma kwa sababu ya Little Rock. Alisema, kwa maneno makali, kuwa serikali inayowatendea watu wake vile huko Kusini iende motoni. Baadaye alikubali safari za Afrika, na mwishoni mwa Oktoba 1960 akapiga tarumbeta Leopoldville, mji mkuu wa Kongo (Kinshasa ya leo), umati ukimshangilia, huku katika mji huohuo Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani, amefungiwa nyumbani kwake kati ya duara mbili za askari. Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Kamati ya Seneti ya Marekani ilipochunguza mwaka 1975 iligundua kuwa shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limepeleka sumu Kongo kwa ajili yake, ingawa si sumu hiyo iliyomuua. Simlaumu Armstrong. Naumia ninapofikiria kuwa nchi ileile ilituma, ndani ya miezi ileile na katika mji uleule, tarumbeta na sumu.

Sputnik ilileta na jambo ambalo linatuhusu wasomaji wa lugha hii. Kwa hofu ya kuachwa nyuma, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1958 sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyomwaga fedha katika hesabu, sayansi na lugha za kigeni. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa kwa fungu hilo katika vyuo vikuu vya kule. Wanafunzi wengi waliosema "hujambo" kwa mara ya kwanza huko Wisconsin au California walilipiwa ada na woga wa kitu kidogo cha chuma kilichokuwa kinalia angani. Nayo haikuja bila sharti: mnufaika alitakiwa kula kiapo cha utiifu na kutamka kwamba haungi mkono makundi ya kuipindua serikali. Vyuo kadhaa vilikataa fedha kwa sababu ya sharti hilo.

Ndege za Tom Mboya nazo zilipaa kwenye anga hilohilo. Septemba 1959 wanafunzi 81 kutoka Kenya walitua New York. Mwaka uliofuata, uchaguzi wa urais ukiwa umepamba moto, watu wa Nixon na watu wa Kennedy walishindana nani awalipie nauli wanafunzi wengine, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kura za weusi wa Marekani, uhuru uliokuwa unakaribia Kenya na hofu kwamba vijana hao wangeishia Moscow, vyote vilikaa kwenye tiketi moja ya ndege. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la mwaka 1960. Alisimulia baadaye kwamba wakiwa njiani kwa basi kwenda Kansas waliingia mahali kununua kinywaji baridi, wakaambiwa wakanywee nje. Wageni wa taifa, waliogombaniwa na wagombea wawili wa urais, wamesimama nje na vikombe mkononi.

Nirudi sasa barabarani. Mwaka 1960 pekee nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, na mabalozi wao walikuwa wakienda na kurudi kati ya Umoja wa Mataifa na Washington. Malalamiko yakarundikana. Harris Wofford, aliyekuwa mshauri wa Kennedy, amesimulia kwamba wazo la kwanza la rais lilikuwa kuuliza kwa nini mabalozi hao wasiambiwe waache kupita barabara ile, wapande ndege. Si kwamba Kennedy alikuwa mtu katili. Alikuwa rais wa Vita Baridi. Tatizo alilokuwa nalo mezani lilikuwa balozi mwenye hasira, na balozi mwenye hasira anaweza kweli kupandishwa ndege. Muuza duka mweusi wa Aberdeen, Maryland, aliyekuwa anaishi kandokando ya barabara hiyo, hakuwa mezani.

Agosti 1961 waandishi watatu wa gazeti la weusi la Baltimore waliamua kuupima mzani huo hadharani. Walikodi majoho na gari la kifahari, wakatunga nchi isiyokuwapo, Goban, wakajifanya ujumbe wake rasmi, mmoja wao akiwa waziri wa fedha. Wakaifuata Barabara Namba 40 mgahawa kwa mgahawa. Kwenye baadhi ya migahawa ambayo mweusi wa Maryland hakuruhusiwa hata kukanyaga, waheshimiwa wa Goban walivutiwa viti wakahudumiwa. Walikuwa wazaliwa wa Marekani, walipa kodi wa Marekani, na ilibidi wavae nchi ya kubuni ndipo wapate chakula katika nchi yao.

Maofisa wa itifaki wa Wizara ya Mambo ya Nje, wakiongozwa na Pedro Sanjuan, walikwenda kuwasihi wabunge wa Maryland wapitishe sheria. Hapo ndipo ile hesabu ya mama wa Edgewood ilipowaletea shida. Huwezi kuuamuru mgahawa umhudumie mweusi wa kigeni na kumfukuza mweusi wa nyumbani, kwa sababu mlangoni wanafanana. Ili kumlinda balozi ilibidi kuwalinda wote. Nataka kulipa jambo hili sifa yake, kwa kuwa ni haki iliyopatikana kwa njia ya ajabu: mabalozi wa Afrika, kwa kuwa na rangi ileile, waliwaingiza ndugu zao kwa mlango waliofunguliwa wao. Maryland ilipitisha sheria mwaka 1963, ikaacha nje baadhi ya wilaya zake. Tarehe 14 Novemba mwaka huo Kennedy alikata utepe wa barabara kuu mpya, iliyopita pembeni ya ile ya zamani. Ilijengwa kupunguza msongamano, lakini matokeo yake ni kwamba mabalozi hawakuwa na haja tena ya kusimama Edgewood. Siku nane baadaye rais aliuawa Dallas. Sheria ya Haki za Kiraia ya nchi nzima ilisainiwa Julai 1964.

Watetezi wa sera ile watanijibu kuwa basi, mashindano na Moscow yalileta haki, unataka nini zaidi? Nataka tuwaangalie walioachwa nje ya picha. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji aliyewahi kujifunza Kiswahili pale London mwaka 1934 kwa kuamini kuwa ni urithi wake, alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950. Hoja ya Wizara ilikuwa kwamba malalamiko yake juu ya hali ya weusi hayafai kupelekwa nchi za nje. Maneno ya uani, kwa lugha yetu, yasifike sebuleni. Mei 1952 alipanda nyuma ya lori lililoegeshwa ukingoni mwa mpaka wa Kanada, jimboni Washington, akawaimbia maelfu waliosimama pande zote mbili za mpaka. Alirudishiwa pasipoti mwaka 1958, afya na kazi yake vimekwisha kuharibika. W.E.B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za weusi, naye alizuiwa kusafiri kwa miaka, akaishia kuhamia Ghana na kufia Accra tarehe 27 Agosti 1963, mkesha wa yale maandamano makubwa ya Washington. Wote wawili waliunganisha vitu ambavyo serikali ilitaka vibaki mbalimbali: mweusi wa Georgia na Mwafrika chini ya mkoloni, mshahara na rangi, bomu na njaa.

Malcolm X, mwanaharakati mweusi wa Marekani, alijaribu tena kuviunganisha. Mwaka 1964 alifika Cairo kwenye mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Oktoba akafika Dar es Salaam, akaonana na Nyerere na waziri wake Abdulrahman Babu, akitafuta serikali za kuipeleka Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa kwa kosa la haki za binadamu. Desemba, Babu alipokuwa New York, Malcolm alimkaribisha jukwaani Harlem. Mwezi mmoja kabla, ndege za Marekani zilikuwa zimewashusha askari wa Ubelgiji Stanleyville, Kongo (Kisangani ya leo), dhidi ya wapiganaji waliojiita Simba. Februari 1965 Malcolm alipigwa risasi. Kesi haikufika Umoja wa Mataifa.

Martin Luther King, aliyekuwa amekubalika Ikulu alipodai haki ndani ya mipaka iliyoruhusiwa, aliuvuka mpaka tarehe 4 Aprili 1967 katika kanisa la Riverside, New York, aliposema kuwa fedha za maskini zinateketea Vietnam na kwamba serikali yake ndiyo inayoongoza kwa kutumia mabavu duniani. Magazeti makubwa yalimgeukia. Baadhi ya viongozi weusi wenzake walimwambia achunge mdomo wake, mambo ya nje si yake. Aliuawa mwaka mmoja kamili baadaye, siku na mwezi uleule.

Kuna kesi moja siwezi kuiacha. Mwaka 1957 mfanyakazi mmoja mweusi wa Marion, Alabama, alihukumiwa kuuawa kwenye kiti cha umeme kwa kumnyang'anya mjane wa kizungu dola 1 na senti 95. Mahakamani alituhumiwa na mengine, lakini hukumu yenyewe ilikuwa ya unyang'anyi. Mahakama ya juu ya jimbo ikaithibitisha mwaka 1958. Magazeti ya dunia yakaipata habari, na kiasi kile cha fedha kikafanya kazi ambayo hoja elfu zisingeifanya. Barua zikamiminika ofisi ya gavana James Folsom na balozi za Marekani ng'ambo. Waziri wa Mambo ya Nje, John Foster Dulles, mtu ambaye jina lake lilijulikana kwa mabomu na mikataba, akampelekea gavana telegramu kumweleza jinsi dunia inavyolitazama jambo lile. Folsom akabadilisha adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na kukiri kwamba makelele ya mataifa yamemchosha.

Barua zikakoma. Balozi zikaendelea na kazi nyingine. Mtu yule akabaki gerezani kipindi chote cha Kennedy, cha Johnson na vita vyote vya Vietnam. Alitoka mwaka 1973.